Injini ya Kilwa, Hewa ya Mwanza

Jumanne, 18 Juni 2024. Igombe, Mwanza

Mbalamwezi inakaribia. Mitumbwi ya dagaa imeanza kupandishwa ufukweni, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajali taa ya mvuvi. Wavuvi wanapumzika, mimi ndiyo naanza kazi. Kila injini iliyovumilia giza lote inaletwa sasa, na kila mwenye nayo anaitaka kabla ya giza lijalo. Ziwa nalo limepanda sana mwaka huu, kwa hiyo meza yangu imehamia juu, jirani na chanja za kuanikia.

Kazi ya leo iliyonivutia: Yamaha ya farasi 15, mipigo miwili, silinda mbili, kabureta moja. Ya zamani, rangi imekwisha, chumvi imeshaanza kula skrubu za chini. Mama mmoja tajiri wa dagaa aliinunua Kilwa kwa mtu aliyeacha uvuvi, akaisafirisha kwa lori hadi hapa.

Malalamiko, kama nahodha wake alivyoyatoa: inawaka bila shida, inaondoka vizuri, lakini resi ikifunguliwa yote inabwata, haipandi. Moshi mwingi. Petroli inakwisha njiani. Huko Kilwa, aliambiwa, ilikuwa inaruka.

Nahodha ana maelezo yake tayari: "Fundi, hii imezoea maji chumvi. Maji baridi yanaichosha." Dawa pia anayo: iwekwe jeti kubwa zaidi.

Sikumbishia. Maji, ya chumvi au ya baridi, hayapiti kwenye kabureta. Yanapoza silinda na kutoka. Kinachopita kwenye kabureta ni hewa, na hewa ya hapa si ya Kilwa.

Jumatano, 19 Juni

Jeti ndiyo inayosingiziwa kwanza, na ndiyo inayopaswa kushukiwa mwisho. Leo sikugusa hesabu yoyote. Nimefanya usafi na vipimo.

Mgandamizo: silinda zote mbili ziko sawa, au karibu sawa. Vizuri. Ingekuwa moja imelala, kabureta isingehusika.

Plagi: nyeusi, zimeloa, zote mbili. Moja ingekuwa nyeusi na nyingine safi ningetafuta tatizo kwenye umeme au kwenye silinda ile. Zikiwa zote mbili, na kabureta ni moja, tatizo ni la pamoja.

Pampu ya petroli: diaframu imekakamaa. Mpya imewekwa.

Boya na sindano yake: ncha ya sindano imelika, ina alama ya pete, haifungi sawasawa. Petroli inapanda ndani ya bakuli kupita kipimo chake, na hapo injini inaonyesha dalili zilezile za jeti kubwa. Sindano mpya, urefu wa boya umerekebishwa.

Gasketi kati ya kabureta na injini: nzima. Hapo pakivuja hewa, mtu anaweza kuongeza jeti hadi mwisho wa duka bila kupona.

Kisha jeti yenyewe. Nimeielekeza kwenye jua nikaona tundu si la mviringo. Kuna fundi huko nyuma aliyezibua kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, waya ni mgumu: namba iliyogongwa pembeni imebaki ileile, tundu limekuwa jingine. Nimechukua jeti mpya yenye namba hiyohiyo, nikapitisha maji kwenye kila moja kutoka kwenye bomba la sindano ya hospitali bila kusukuma, yashuke yenyewe. Ya zamani ilimaliza maji mapema zaidi. Hilo latosha.

Kijana wangu nimemwonyesha kuzibua kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Ikishindikana, kipande cha uzi wa nailoni wa wavu. Nailoni haili shaba. Waya ule nimeutupa mbele yake.

Alhamisi, 20 Juni

Hesabu, asubuhi, kabla wateja hawajaja.

Ziwa hili liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia 10 hivi kuliko ya pwani. Pistoni inavuta ujazo uleule iliouvuta Kilwa, ila ndani ya ujazo huo hewa imepungua. Petroli nayo inapungua, kwa kuwa inavutwa na hewa inayopita kwenye koo la kabureta, lakini haifuati hewa hatua kwa hatua. Hewa ikipungua asilimia 10, petroli inapungua kama 5 tu. Hizo 5 zinazobaki ndizo zinazolowesha plagi.

Kwa hiyo natafuta jeti inayopitisha petroli pungufu kwa asilimia 5 hivi kuliko ile ya kiwandani. Hiyo ni jeti ndogo zaidi. Nahodha hatapenda.

Namba. Jeti nyingi za Keihin huandikwa kipenyo cha tundu: 150 ni milimita 1.50. Nafanya hesabu kwa 150 kwa sababu ni rahisi kichwani. Namba halisi ya kila injini imo kwenye kitabu chake. Kinachopitisha petroli ni eneo la tundu, na eneo linakwenda na mraba wa kipenyo. Kutoka 150 kwenda 145, eneo linapungua karibu asilimia 7. Kutoka 150 kwenda 147.5, linapungua kama asilimia 3. Hatua moja ya namba tano inaonekana ndogo ukiishika mkononi, lakini kwa injini si ndogo. Jibu langu liko kati ya nusu hatua na hatua nzima. Ziwa ndilo litakaloamua.

Tahadhari ya kuandika kwa herufi kubwa kwenye kopo la jeti: jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita huandikwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita, si kwa kipenyo. Huko asilimia 5 chini ya 150 ni 142 au 143. Kwa hiyo 150 ya huyu si 150 ya yule. Makopo yasichanganywe.

Kwa kumbukumbu, maana watu wanahamisha injini kama wanavyohamisha ng'ombe: Nyasa, mita kama 475, hewa imepungua asilimia 4 au 5, mara nyingi jeti ya kiwandani inavumilia. Tanganyika, mita 773, asilimia 7. Kivu, mita 1,460, asilimia 13. Naivasha kule Kenya, karibu mita 1,880, asilimia 17. Huko mtu asipobadilisha jeti ananunua plagi kila mara.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeomba niletewe dumu la petroli wanalotumia, si petroli safi kutoka kituoni. Nimekuta nilichotarajia. Kwenye dumu la lita 20 wanatia chupa nzima ya lita moja ya oili. "Ili injini ipate nguvu, Mzee," kijana wa boti amenieleza.

Kipimo cha 50 kwa 1 kwenye lita 20 ni mililita 400. Wao wanakwenda 20 kwa 1. Oili hiyo ya ziada inafanya mambo mawili. La kwanza kila mtu analiona: moshi, na plagi chafu. La pili halionekani. Jeti inapitisha majimaji, haijui ipi petroli ipi oili. Oili ikizidi, petroli inayopita inapungua, na mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mwepesi kuliko ulivyodhani. Plagi inakuwa nyeusi kwa oili huku pistoni inapata joto. Ukiisoma plagi hiyo utadanganyika moja kwa moja.

Kwa hiyo kwanza oili ya boti ya mipigo miwili, mililita 400 kwa dumu, kikombe kimewekewa alama ya msumari. Ndipo tuzungumze jeti. Ukichagua jeti kwa dumu la leo, kisha kesho mtu mwingine akachanganya kwa mkono wake, umechagua bure.

Petroli yenyewe nimeinusa na kuimwaga kidogo kwenye bati. Imekauka bila kuacha doa. Haina mafuta ya taa. Zipo injini za boti zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa, zinazowashwa kwa petroli kisha zinahamishiwa, lakini mgandamizo wake ni mdogo na jeti zake ni nyingine. Hii si mojawapo.

Jumamosi, 22 Juni

Mwezi mpevu. Mwalo mzima umelala, nahodha amekuja kupiga soga na kuangalia nimefika wapi.

"Fundi, si unipe jeti kubwa tu? Mafuta mengi, mbio nyingi."

Nikamwuliza kama anaikumbuka karabai.

"Nimekua nayo. Hizi taa za betri zimekuja juzi."

"Mafuta yakizidi hewa, inakuwaje?"

"Moto unakuwa mwekundu, inatoa masizi, kioo kinakuwa cheusi."

"Na mwanga?"

Akacheka. "Unapungua."

Nikampa plagi zake azishike. Vidole vikawa vyeusi. Hakusema tena habari ya jeti kubwa, ila akauliza swali zuri: kwa nini basi tusiweke ndogo kabisa, petroli ikaokolewa? Lita moja imevuka shilingi 3,000, swali lake ni la haki.

Jibu: kwenye injini hii oili haina njia yake. Inakuja ndani ya petroli. Ukiinyima petroli umeinyima oili kwa wakati uleule, na petroli inayoingia ndiyo pia inayopoza kichwa cha pistoni. Jeti ikiwa kubwa kidogo, unapoteza pesa kidogo kila safari. Ikiwa ndogo kidogo, injini inakwenda vizuri sana, pengine kuliko siku zote, mpaka siku inanoki katikati ya ziwa usiku. Hasara hizo mbili hazilingani. Ndiyo maana nikisitasita kati ya namba mbili, nachukua kubwa.

Jumatatu, 24 Juni

Majini, alfajiri. Nimechagua alfajiri kwa makusudi. Hewa ya baridi ni nzito. Kati ya nyuzi 18 za alfajiri na 28 za mchana, uzito wa hewa unatofautiana kwa asilimia 3 hivi. Jeti iliyochaguliwa saa nane mchana itakuwa imebana kidogo saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ndiyo saa mtumbwi wa dagaa unaporudi umejaa, resi yote. Injini ipimwe katika saa yake ngumu.

Mzigo pia: wavu mzima, watu wao wote, na magunia ya mchanga badala ya dagaa. Mtumbwi mtupu haupimi kitu.

Tumeanza na jeti mpya ya namba ya kiwandani. Sindano mpya ya boya na tundu lisilochokonolewa vimeondoa sehemu kubwa ya kubwata. Kwa mwendo wa kati hakuna la kulalamikia. Resi yote, mzigo wote: inapanda, kisha inatulia chini ya pale inapotakiwa na kukoroma. Tumekwenda hivyo dakika kadhaa, nikazima injini resi ikiwa wazi, bila kupunguza kwanza. Ukipunguza ukarudi ufukweni polepole, plagi itakusimulia habari za kurudi polepole, si za resi yote. Plagi mpya, zimefunguliwa hapohapo majini: kahawia iliyoiva sana, ukingo mweusi, unyevu kidogo. Nzito bado. Hii sasa ndiyo hewa ya Mwanza yenyewe. Makosa mengine yote yameshaondolewa.

Nahodha amesema inatosha. Haitoshi.

Jumanne, 25 Juni

Alfajiri tena, mzigo uleule, dumu lilelile, plagi mpya. Kitu kimoja tu kimebadilika. Vikibadilika viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Hatua nzima chini: sauti imekuwa kali na safi. Kijana wangu ameshangilia. Nahodha amesimama ameinua dole gumba. Nimevuta choki kidogo sana huku resi iko wazi yote, na mizunguko ikapanda. Hiyo ndiyo alama ninayoiogopa. Choki inapunguza hewa. Injini ikifurahi kunyimwa hewa, maana yake ilikuwa na njaa ya petroli. Nimepunguza resi mara moja. Plagi: kijivu, inaelekea weupe. Nimeziangalia kwa kioo cha kukuzia, hakuna vidoa vya kung'aa. Vidoa hivyo ni alumini ya pistoni, ukiviona umechelewa.

Nusu hatua chini: resi yote, haikoromi. Choki ikivutwa kidogo, mizunguko inashuka. Nimebonyeza pampu ya mkono kwenye mpira wa petroli: hakuna badiliko, kwa hiyo petroli inafika ya kutosha na sipimi jeti kwa njaa ya mpira uliobanwa. Plagi: kahawia, rangi ya chai ya rangi, kavu.

Nusu hatua. Imefungwa.

Jeti ya mwendo mdogo sikuibadilisha. Hiyo inatawala injini ikiwa imeachiwa na robo ya kwanza ya resi, pale wanapozungusha wavu taratibu. Nimerekebisha skrubu yake tu, injini ikiwa majini na gia imeingia, mpaka ikatulia bila kuzima. Ukirekebisha ukiwa kwenye pipa la maji nyumbani, bila mzigo wa maji kwenye pangaboi, utarudi kurekebisha tena.

Alhamisi, 27 Juni

Mama tajiri amekuja kuichukua. Amesikiliza mlio, ameridhika, kisha akauliza kama mtu anayelipa: "Kwa hiyo fundi, mbio ya Kilwa imerudi?"

Nimemjibu ukweli. "Mama, haijarudi na haitarudi. Jeti inarekebisha petroli ilingane na hewa iliyopo. Hewa yenyewe siwezi kuiongeza. Farasi 15 za pwani, hapa ni kama 13 na nusu."

Hakufurahi, lakini ameelewa kuwa simwibii. Nikamweleza linalowezekana. Kitabu cha injini kinataka resi yote ikae kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kwa kipima mizunguko cha kufunga kwenye waya wa plagi, yake yenye mzigo inagusa ukingo wa chini. Pangaboi iliyokuja nayo ni ya mtumbwi mwepesi wa pwani. Akichukua yenye mwinuko mdogo kwa inchi moja, mizunguko itapanda 150 hadi 200. Mtumbwi hautaruka, ila injini itafanya kazi mahali ilipotengenezewa kufanya kazi, na mzigo utaondoka ufukweni bila kukokotwa.

Amesema ataitafuta pangaboi mjini. Amelipa jeti, sindano, diaframu na plagi. Ya kazi ameomba punguzo, nimempunguzia, kwa sharti kwamba kikombe chenye alama ya msumari kitembee na dumu.

Alhamisi, 4 Julai

Giza limerudi, mitumbwi iko majini. Nahodha amepita asubuhi akiwa na kilo za dagaa wabichi za kunishukuru. Petroli ya kwenda na kurudi inabaki kwenye dumu, hawalazimiki kuomba kwa wenzao. Plagi nimezifungua bila kuombwa: bado kahawia, bado kavu. Pangaboi mpya imefungwa. Mtumbwi ukiwa umejaa mizunguko iko ndani ya kipimo.

Limebaki jambo moja, na ndilo zito kuliko yote niliyoandika hapa. Injini hizi haziachi kusafiri. Mama ataiuza siku moja, na mnunuzi anaweza kuwa mtu wa Kilwa au Bagamoyo. Jeti iliyo sawa hapa, kule pwani ni ndogo: hewa itakuwa nzito, petroli itapungua, na pistoni itaungua kwa injini iliyokuwa haina ugonjwa wowote. Nimeandika kwa rangi ya mafuta ndani ya kifuniko, namba ya jeti iliyomo, namba ya jeti ya kiwandani, na jeti yenyewe ya kiwandani nimeifunga kwenye mfuko mdogo karibu na kishikio. Chini ya namba hizo: "Jeti hii ni ya ziwani, mita 1,134. Ikienda baharini, rudisha ya kiwandani kabla ya kuwasha."

Kuanzia sasa, hakuna injini itakayotoka kwenye meza hii ikiwa na jeti niliyoibadilisha bila maandishi hayo. Kijana naye ameandika kwenye daftari lake.